Anzia Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kupunguza na Kuzuia Unene Uliozidi kwa Watu Wazima na Watoto

Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta ya kupikia kwa wiki imempa kila mmoja wao takriban kalori 235 kwa siku, na hapo bado hatujahesabu ugali, wali wala mboga yenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kila gramu ina kalori 9, jumla 8,280. Gawa kwa watu 5, kisha kwa siku 7. (Kalori tunazozisema humu ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti.)

Tunaanza na chupa ya mafuta kwa sababu watu wengi wenye uzito mkubwa husema kwa dhati, "Mimi mbona sili sana?" Mara nyingi wanasema kweli. Ukitazama sahani yao, si kubwa kuliko ya jirani. Kilichowanenepesha hakionekani kwenye sahani: kimezama kwenye mchuzi, kimeyeyuka kwenye chai, kimenywewa kwa mrija. Kwa hiyo kazi ya kupunguza uzito huanza kwa kupima vitu vitatu au vinne jikoni. Kujinyima chakula na kushinda na njaa si mwanzo mzuri.

Unene uliozidi ni nini

Wataalamu wa lishe huuita kiribatumbo: mafuta yamelundikana mwilini kiasi cha kuharibu afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa nao. Si ugonjwa wa Ulaya na Marekani peke yake tena. Umeingia Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Unguja, na siku hizi unakuta nyumba moja ina mama mwenye kiribatumbo na mtoto aliyedumaa, wote wakila chungu kimoja.

Mwili huweka akiba. Chakula kinachozidi matumizi hugeuzwa mafuta, mengine hukaa chini ya ngozi, mengine hujipenyeza ndani ya tumbo, kwenye ini na kuzunguka utumbo. Hayo ya ndani ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu huifanya insulini (homoni inayodhibiti sukari kwenye damu) ishindwe kazi yake, sukari ikapanda, presha nayo ikafuata. Ndiyo maana kitambi kigumu kwa mtu mwenye miguu myembamba kinatisha kuliko mapaja na makalio makubwa yenye kiuno chembamba. Orodha ya madhara ni ndefu: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, ini lenye mafuta, magoti kusagika, hedhi kuvurugika na mimba kukawia, kukata pumzi usingizini, na saratani kadhaa ikiwemo ya matiti baada ya hedhi kukoma na ya utumbo mpana.

Si kila mwili unaweka akiba kwa kasi moja. Urithi una nguvu, na ndugu wawili waliolelewa pamoja wanaweza kutofautiana kwa kilo 30. Dawa nazo zina mchango: prednisoloni na steroidi nyingine, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, na dolutegravir, ambayo sasa imo kwenye dawa za kufubaza VVU za watu wengi. Ukiona uzito umepanda baada ya kuanza dawa, mwambie anayekutibu. Usiiache mwenyewe, hasa ya VVU.

Kuna kundi lingine tunalolisema bila kupepesa macho: vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani kwa wasichana wanaotaka umbo. Vingi huwa ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Deksamethasoni hujaza maji na mafuta usoni na tumboni, hupandisha sukari na presha, na ikitumika kwa muda mrefu huzima tezi za juu ya figo. Aliyeitumia kwa majuma asiikate ghafla. Aende hospitali ashushwe dozi polepole.

Tena, neno la mtaani: ukikonda, watu wanakuangalia mara mbili na kunong'ona juu ya ngoma, yaani UKIMWI. Ukinenepa, wanasema umependeza, mambo yako mazuri. Wengi wameshindwa kupungua kwa sababu ya maneno haya tu. Ni vizuri kuwaambia watu wa nyumbani mapema kwamba unapunguza kwa makusudi.

Kabla hujaanza: nani amwone daktari kwanza

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi aende kwanza, kwa sababu akipunguza chakula bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayetumia dawa za presha naye dozi itahitaji kuangaliwa uzito ukishuka. Mjamzito hapunguzi uzito. Anadhibiti kasi ya kuongezeka akiwa kliniki. Anayekoroma sana, akikatika pumzi usiku na kusinzia mchana hata kwenye daladala, anahitaji uchunguzi. Na anayepungua bila kujitahidi asifurahie, akapime kisukari, kifua kikuu na VVU.

Kwa wengine wote, vipimo vya kuanzia ni presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta kwenye damu na, ikiwezekana, ini.

Hatua ya 1: Jipime sawasawa

Unahitaji mizani, ukuta ulionyooka na tepe ya fundi cherehani. Panda mizani asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu; juu ya zulia inadanganya. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile. Anayepima kila siku huishia kukata tamaa, maana maji na chakula kilichomo tumboni vinaweza kubadilisha uzito kwa kilo 1 hadi 2 kati ya jana na leo.

BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, hupatikana kwa kugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 86 na urefu wa mita 1.58: 1.58 mara 1.58 ni 2.5, 86 gawa kwa 2.5 ni 34.4. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito umezidi, 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Hivyo mama huyu yumo kwenye kiribatumbo.

Kiuno ni muhimu kama BMI. Tafuta mwisho wa mbavu za chini na kilele cha mfupa wa nyonga, weka tepe katikati ya hapo, toa pumzi kama kawaida, soma. Usivute tumbo ndani. Hatari huanza sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa kuanzia 88 na 102. Ukisahau namba hizi, kumbuka kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Sasa weka lengo. Lengo la kwanza ni asilimia 5 ya uzito wa kuanzia, halafu 10. Kwa mama wetu ni kilo 4.3, kisha 8.6. Kilo hizo chache tayari hushusha presha na sukari na kuyapa magoti nafuu, hata kama bado anaitwa bonge. Kasi nzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza unaweza kupoteza kilo 2, nyingi zikiwa maji, kwa hiyo usitarajie iendelee hivyo.

Hatua ya 2: Andika siku 7 bila kubadilisha chochote

Nunua daftari dogo. Andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kipande cha mkate alichobakiza mtoto, karanga za kwenye foleni na kuonja mboga jikoni. Kwa sukari andika idadi ya vijiko. Kwa mafuta, bandika utepe wa karatasi kwenye chupa na utie alama kila jioni. Wiki hii haina adhabu wala sifa. Wengi hugundua kwamba tatizo lao ni moja au mawili tu: kuna wa soda, kuna wa chapati za asubuhi, kuna asiyekula mchana kisha saa tatu usiku akala kwa niaba ya siku nzima.

Hatua ya 3: Vinywaji kwanza

Hapa ndipo pa kupata matokeo ya haraka, na hapaleti njaa, kwa sababu sukari ya majimaji haishibishi. Soda ya mililita 500 ina takriban gramu 53 za sukari, yaani vijiko 13 vya chai, zaidi ya kalori 200. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6. Chupa moja imeshapita mara mbili.

Chai ya vijiko 3, vikombe 3 kwa siku, ni vijiko 9. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne. Ulimi hauoni tofauti. Ukitoka vijiko 3 kwenda sifuri kwa siku moja, utairudia sukari kabla ya Ijumaa. Tumia tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai kuipa chai ladha.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuhamia kwenye juisi. Juisi ya embe au miwa, hata ya nyumbani isiyoongezwa kitu, ni sukari iliyotenganishwa na nyuzinyuzi zake. Kula embe lenyewe. Asali nayo ni sukari, na maji ya ndimu na asali ya kila asubuhi hayayeyushi mafuta. Bia ya mililita 500 ina kalori 200 hivi, na huja na nyama choma na chipsi pembeni.

Hatua ya 4: Mafuta

Tafuta kijiko kimoja cha chakula, kiache kwenye chupa ya mafuta, na mkubaliane nyumbani, akiwemo dada wa kazi, kwamba hakuna kumimina tena. Kijiko kimoja kina kalori 120. Mboga ya watu watano inatosheka na vijiko 2.

Inapikwa hivi. Pasha sufuria moto wa wastani, weka vijiko viwili, tia kitunguu na funika. Kikianza kushika chini, usiongeze mafuta. Nyunyiza maji kijiko kimoja, koroga, funika tena. Rudia mara mbili tatu hadi kilainike na kubadilika rangi, halafu nyanya, ambayo itatoa maji yake yenyewe. Mchuzi utakuwa mzito kwa kitunguu na nyanya, bila lile ziwa jekundu linaloelea juu. Anayesema mboga haina ladha mara nyingi amekosa chumvi, ndimu, kitunguu saumu au pilipili, si mafuta.

Kwa wali wa nazi, tumia tui la pili, lile jepesi, na tui zito liwe la sikukuu. Samaki wa kukaanga wawe wa kuchoma au wa kuchemsha na ndimu siku nne kati ya tano. Chipsi hazina njia ya kuponyoka: viazi vilivyokatwa vyembamba hunywa mafuta kila upande, na sahani ya chipsi mayai huweza kufika kalori 800 na zaidi, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mwanamke anayepunguza uzito. Ni chakula cha mara moja kwa mwezi, ukitaka ukweli wetu.

Chapati inastahili kutazamwa kwa karibu. Donge la gramu 60 za unga lina kalori 215. Linasukumwa, linapakwa mafuta, linaviringishwa, linasukumwa tena, kisha linapakwa pande zote mbili kikaangoni. Vijiko viwili vya chai vikiingia, ni kalori 80 nyingine. Jumla karibu 300 kwa chapati moja. Tatu za asubuhi na chai ya maziwa ni 1,000. Ukipunguza mafuta hadi kijiko kimoja cha chai unaokoa 40 tu kwa kila moja, kwa hiyo usijidanganye kwamba chapati kavu imemaliza kazi. Kinachookoa ni idadi: moja, na maharage bakuli zima.

Hatua ya 5: Pima unga na mchele vikiwa vikavu

Kukadiria ugali uliokwisha pikwa ni vigumu, maana maji hutofautiana. Pima unga kabla ya kusonga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360, uwe sembe au dona. Dona ni bora kwa nyuzinyuzi na hukawia kuisha tumboni, lakini haipunguzi uzito ukiila mara mbili. Mwanamume anayeketi na ugali wa robo kilo ya unga amekula kalori 900 kabla ya mboga. Kwa mtu mzima anayepunguza, gramu 80 hadi 100 za unga au mchele mkavu kwa mlo zinatosha. Kikombe kimoja kilichotiwa alama kitakusaidia miaka yote.

Sahani igawe hivi kwa macho: nusu mboga za majani na nyingine kama mchicha, matembele, sukuma wiki, bamia, kabichi, biringanya, kachumbari, robo wanga, robo maharage, choroko, dagaa, samaki, mayai au kuku bila ngozi. Kosa tunaloliona sana ni kupunguza ugali na kuacha mboga vijiko viwili vilevile. Tumbo tupu litakudai saa nne usiku. Ongeza mboga kwanza, ndipo upunguze ugali.

Asubuhi, kiazi kitamu, gimbi au muhogo wa kuchemsha kipande cha ukubwa wa ngumi, na yai au maharage, hukufikisha mchana vizuri kuliko maandazi mawili. Karanga na korosho ni chakula kizuri lakini gramu 30, yaani konzi moja, ni kalori 170. Usile ukiwa umeshika pakiti. Parachichi nusu linatosha.

Kupakua ndiko kunakoharibu mambo siku za futari. Kaimati zenye shira, viazi vya nazi, tambi, sambusa na juisi mezani kwa wakati mmoja ndiyo sababu wengi humaliza Ramadhani wakiwa wamenenepa. Futuru kwa maji na tende moja hadi tatu, swali, kisha rudi kwenye sahani moja iliyogawanywa kama hapo juu, na uchague kitamu kimoja tu. Usiruke daku.

Na mama aliyejifungua: wakati wa arobaini hupewa mtori, uji wa siagi na sukari na supu mfululizo, akiambiwa ndiyo maziwa yatoke. Kunyonyesha kunahitaji nyongeza ya kalori 500 hivi kwa siku, sahani moja ndogo zaidi. Maziwa hutoka kwa mtoto kunyonya mara kwa mara na mama kunywa maji ya kutosha. Mpeni mtori wenye nyama na mboga, sukari muiache.

Hatua ya 6: Mwendo na usingizi

Kutembea kwa haraka dakika 30 huteketeza takriban kalori 150 kwa mtu wa kilo 80, yaani nusu ya chapati. Ndiyo maana huwezi kukimbia ukaushinda mdomo. Lakini mwendo hulinda misuli wakati uzito unashuka, hushusha sukari, na ndio unaozuia kilo zisirudi. Shabaha ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya nguvu.

Mwenye uzito mkubwa aanze na dakika 10 baada ya kila mlo, kwenye ardhi tambarare, na viatu vyenye soli laini. Wiki ya tatu ziwe 15. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, na safari za chini ya kilomita moja usipande bodaboda. Kwa nguvu: kaa kwenye kiti na usimame bila kushika, mara 10, sukuma ukuta mara 10, nyanyua madumu mawili ya lita 5 ya maji mara 10, kisha rudia mzunguko wote mara tatu. Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Goti likivimba, punguza, jaribu kuogelea au baiskeli. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha na uende hospitali.

Mazoezi ya tumbo peke yake hayachomi mafuta ya tumbo. Mkanda wa kubana na kujifunga plastiki vinatoa jasho, nalo litarudi kwa glasi mbili za maji.

Lala kwa muda wa angalau saa 7. Anayelala kwa saa 5 tu huamka na homoni ya njaa imepanda, na siku nzima hutafuta wanga na sukari.

Uzito unapokwama

Utakwama. Kwa kawaida baada ya miezi kadhaa mizani husimama, na si uzembe. Mwili mdogo unatumia nishati kidogo, na ubongo unapandisha njaa ili kurudisha akiba. Rudi kwenye daftari siku 7 na utie tena alama kwenye chupa ya mafuta. Mara nyingi vijiko vimeota miguu. Kama kila kitu kiko sawa, ongeza dakika 10 za kutembea kila siku au punguza gramu 20 za unga kwa mlo, subiri wiki tatu. Angalia na kiuno, kwani huweza kupungua sentimita 2 wakati kilo hazisogei.

Usijibu kukwama kwa kufunga kula au kwa chai za kupunguza uzito. Nyingi za chai hizo ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji na potasiamu, na matumizi ya muda mrefu huulegeza utumbo. Kupungua kwa kasi mno nako huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Mtoto: badilisha nyumba

Kwa mtoto namba za BMI za mtu mzima hazitumiki. Mvulana wa miaka 9 mwenye mita 1.30 na kilo 38 ana BMI ya 22.5. Kwa baba yake hiyo ni nzuri kabisa. Kwake yeye ni kiribatumbo, kwa kuwa kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani mpaka wa umri huo kwa wavulana ni 20.5, na katikati ni 16. Chini ya miaka 5 hutumika uzito kwa urefu kwenye kadi ya kliniki. Mwombe muuguzi apime urefu pia, maana kliniki nyingi hupima kilo peke yake. Mstari unaopanda kwa kasi kuliko mistari ya chati ni onyo hata kabla mtoto hajaonekana mnene.

Kinga huanza na maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2. Uji wa lishe wa nafaka nyingi zilizochanganywa na kuongezwa sukari si dawa ya afya. Nafaka moja, na kidogo cha karanga, maharage au dagaa, inatosha. Kabla ya miaka 2 usiweke sukari kabisa. Akigeuza uso, ameshiba; kumlazimisha amalize kunamfundisha kutoisikiliza shibe yake.

Mtoto aliyekwisha nenepa, isipokuwa mwenye hali mbaya anayesimamiwa na daktari, haambiwi apungue. Anaambiwa asiongezeke, urefu ufanye kazi. Chukua mvulana yuleyule. Watoto wa umri wake hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akibaki kilo 38 na kufika mita 1.36, BMI inakuwa 20.5, na mpaka wa miaka 10 ni 21.4. Ametoka kwenye kiribatumbo bila kupoteza hata kilo moja.

Ili hilo litokee, nyumba nzima inakula sawa. Kumpikia mboga ya maji peke yake huku kaka zake wakila chipsi ni kumtesa, naye atazila kwa kificho. Soda na krispi zisikae ndani. Fedha ya shule ndiyo inayonunua ashkrimu, ubuyu wa sukari, maandazi na juisi za pakiti. Mpe badala yake chakula cha kubeba, kwa mfano kiazi kitamu, yai na chungwa, na chupa ya maji. Bibi na mjomba waelezwe kwa heshima kwamba zawadi ziwe mpira au kalamu za rangi.

Michezo dakika 60 kila siku: rede, kombolela, kuruka kamba, mpira, kutembea kwenda shule panapokuwa salama. Simu na televisheni hapana kwa wa chini ya miaka 2, na isizidi saa 1 kwa siku hadi miaka 5. Mkubwa zaidi awekewe kiasi, na mlo uliwe runinga imezimwa. Wa shule ya msingi alale kwa muda wa saa 9 hadi 12.

Asiitwe bonge, tipwatipwa wala kiboko, hata kwa mapenzi. Mtoto anayetaniwa hujificha, huacha kucheza, hula zaidi.

Mpeleke hospitali akiwa na weusi shingoni au makwapani usiotoka kwa kusugua (ni dalili ya insulini kuzidiwa), akikoroma na kukatika pumzi, akikojoa na kunywa maji mno, akichechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, au akiwa mnene na mfupi kuliko wenzake.

Dawa, puto na upasuaji

Hizi ni tiba halali, si njia za mkato za wavivu, ila ni za waliofikia kiwango chake. Semaglutaidi ni sindano ya mara moja kwa wiki inayopunguza njaa. Kwenye utafiti wake mkuu watu walipungua wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68. Huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, na haitumiki wakati wa ujauzito. Ukiiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo hesabu gharama ya miaka, si ya mwezi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutaidi bandia. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni. Iandikwe na daktari, itoke kwenye duka la dawa lililosajiliwa.

Puto la kupunguza nafasi ya chakula huwekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Kwa Tanzania huduma hii hupatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Asiyejifunza kula wakati puto limo hunenepa likitoka. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni hufikiriwa BMI ikiwa 35 na zaidi, au kuanzia 30 penye kisukari kisichodhibitika. Baada yake mtu hutumia vitamini maisha yote.

Baada ya kufika

Miezi sita ya kwanza baada ya kufikia lengo ndiyo yenye hatari, kwa sababu njaa bado iko juu na pongezi zimekwisha. Endelea kupima kila wiki siku ileile. Andika ndani ya mlango wa kabati uzito uliofikia na, chini yake, uzito huo kuongeza kilo 2. Mizani ikigusa namba ya pili, usingoje mwezi mpya wala Mfungo kuisha: siku hiyohiyo bandika utepe kwenye chupa ya mafuta, hesabu vijiko vya sukari, na ufungue daftari kwa siku 7.